Vocha ya EdChoice, Ohio: nikimhamisha mwanangu, wanaobaki shule ya umma wanapoteza nini?

Mama Neema

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mawazo yenu, hasa mlioko Ohio.

Tunaishi Columbus. Nina watoto watatu, wote shule ya umma. Mkubwa anaingia darasa la tisa mwezi wa nane, wa kati yuko la nne, na mdogo yuko chekechea, naye ana IEP, yaani mpango wa maandishi wa huduma maalumu anazopewa shuleni, kwa sababu alichelewa kusema. Mama mmoja tunayesali naye amenionyesha fomu ya vocha ya EdChoice. Anasema jimbo litatulipia karo ya shule binafsi, dola 8,400 hivi kwa mwaka kwa aliye darasa la tisa kwenda juu, na dola 6,100 na kitu kwa wadogo. Baba yao anataka tujaze za wote watatu wiki hii hii.

Mimi nasita. Wa kati alipoanza shule hapa hakujua hata neno moja la Kiingereza. Mwalimu wa watoto wanaojifunza lugha alikaa naye mpaka akasoma, na leo ndiye anayenisomea barua za bima nyumbani. Mwalimu huyo sasa amegawanywa kwenye shule mbili kwa sababu bajeti imebanwa. Sitaki kusaini kitu kitakachomwondoa kabisa, maana kuna mtoto mwingine anashuka ndege leo ambaye atamhitaji kama wangu alivyomhitaji.

Ni kweli kila vocha inachomoa hela kwenye shule aliyotoka mtoto? Na nimesikia mahakama imezipiga marufuku vocha hizi. Mbona fomu bado zinapokelewa?

Mwalimu Msaidizi

Pole na mawazo, dada. Mimi nafanya kazi kwenye darasa la aina hiyohiyo, shule ya umma hapa kaunti ya Franklin, kwa hiyo ujue mapema niko upande gani.

Swali la kwanza jibu lake limebadilika, na wengi wanaobishana juu yake wanatumia habari za zamani. Hadi mwaka 2021 hela ya vocha ilikatwa moja kwa moja kwenye fungu la wilaya ya shule. Mtoto alihesabiwa kwenye wilaya anayoishi, kisha vocha yake ikatolewa humo. Mara nyingi vocha ilikuwa kubwa kuliko kile jimbo lilichoipa wilaya kwa mtoto huyo, hivyo pengo likazibwa kwa kodi za nyumba za watu wa pale. Cleveland Heights na University Heights waliumia sana kwa mtindo huo. Mwaka 2021 sheria ikabadilika, jimbo sasa linailipa shule binafsi lenyewe. Ukisaini fomu leo, hakuna karani anayekwenda kuchomoa dola 6,100 kwenye shule yenu.

Lakini chungu cha hela ni kimoja. Mwaka 2023 wabunge waliufungua mpango kwa kila familia. Zamani EdChoice ililenga hasa watoto wa maeneo yenye shule zilizofanya vibaya na familia za kipato kidogo. Sasa familia yenye mapato hadi mara nne na nusu ya kiwango cha umaskini inapata vocha kamili, na walio juu ya hapo wanapata sehemu, hata tajiri kabisa. Mwaka wa kwanza idadi ya waliopokea vocha hii ya kipato ilipanda zaidi ya mara tatu, ila wanafunzi wa shule binafsi hawakuongezeka hata karibu na kiasi hicho. Maana yake wengi wa wapokeaji wapya walikuwa tayari huko, wazazi wao wanalipa. Jimbo limebeba karo ambayo familia zilikuwa zinaimudu, na upande wa umma hakuna hata kiti kimoja kilichopungua kwa sababu yao. Ukijumlisha mipango yote ya vocha ya Ohio, bili ni kama dola bilioni 1 kwa mwaka, na inatoka kwenye bajeti ileile inayotulipa sisi.

Sasa njoo darasani, maana ndipo ninapoumia. Tuseme watoto ishirini wanaondoka kwenye shule moja. Hawaondoki wote darasa la tatu. Wanaondoka wawili hapa, watatu kule, kila darasa linabaki na mwalimu wake na pengo la viti viwili. Basi linapita njia ileile. Paa linavuja palepale. Hesabu ya ruzuku inafuata vichwa, gharama zinabaki na jengo. Bodi ya wilaya ikikaa kutafuta pa kukata haiwezi kukata theluthi ya mwalimu wa darasa la tatu, inakata wale wanaoonekana kuwa pembeni: mwalimu wa muziki, mshauri wa wanafunzi, mtaalamu wa usemi, mwalimu wa lugha. Ndiyo maana mwalimu wa mwanao anagawanywa.

Na sisi hatuwezi kumkataa mtu. Mtoto akiletwa mwezi wa pili katikati ya baridi, hana karatasi za shule alikotoka, hajui Kiingereza, anapewa kiti siku hiyo. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hivyo kwa njia mbili: mwaka 1974, kwenye kesi ya Lau, kwamba shule haiwezi kumkalisha tu mtoto asiyejua Kiingereza bila msaada, na mwaka 1982, kwenye kesi ya Plyler, kwamba haiwezi kumfungia mlango kwa sababu ya vibali vya uhamiaji. Shule binafsi inayopokea vocha inachagua nani aingie. Wanaita uhuru wa mzazi kuchagua. Mwisho wa siku shule ndiyo inayochagua, na mtoto aliyekosa kuchaguliwa anarudi kwetu, ambako hela zimepungua.

Halafu kuna mabasi, jambo watu wa nje ya Ohio hawaliamini mpaka uwaeleze. Sheria ya jimbo inaitaka wilaya ya umma iwasafirishe pia wanafunzi wa shule binafsi, mradi shule iko ndani ya dakika 30 za kuendesha. Columbus ina upungufu wa madereva, na mwaka 2024 Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Dave Yost, aliishtaki wilaya yetu kwa kutowasafirisha baadhi yao. Vocha zikiongezeka, njia za mabasi zinaongezeka, na anayezipanga ni ofisi ileile ya wilaya.

Kuhusu mahakama: wilaya nyingi za shule zilifungua kesi Januari 2022, Columbus ikiwamo. Tarehe 24 Juni 2025 Jaji Jaiza Page wa kaunti hii aliamua kwamba EdChoice inavunja katiba ya Ohio. Katiba ya 1851 inalitaka jimbo liwe na mfumo mmoja wa shule za watu wote, kamili na unaofanya kazi vizuri. Ila jaji mwenyewe aliisimamisha hukumu yake wakati rufaa inasikilizwa, ndiyo maana fomu zinaendelea. Msiichanganye na kesi ya Cleveland ya 2002. Ile ilihusu dini, yaani hela ya umma kulipia shule za kidini, na Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu vocha kwa kura tano dhidi ya nne. Hii inahusu wajibu wa jimbo kwa shule zake.

Baba Amani

Mwalimu amesema mengi ya kweli, lakini dada asije akaondoka hapa akidhani anafanya dhambi.

Binti yangu alisoma kwa EdChoice miaka minne. Shule aliyopangiwa na wilaya ilikuwa na mapigano kila wiki, na mimi nilikuwa nafanya kazi zamu ya usiku ghalani, sikuwa na njia ya kumlinda. Watu wanasema vocha inawapa wenye uwezo nafasi ya kuchagua. Wenye uwezo walishachagua zamani! Wanachagua kwa kununua nyumba Dublin au Upper Arlington, vitongoji vya wenye nazo hapa Columbus, na shule nzuri inakuja na nyumba. Hakuna anayewaita wabinafsi. Mimi sina nyumba huko. Vocha ndiyo ilikuwa nyumba yangu ya Dublin.

Na matokeo yapo. Mwaka 2025 watafiti wa Urban Institute, taasisi ya utafiti, waliwafuatilia wanafunzi wa EdChoice ya zamani, wakakuta asilimia 64 waliingia chuo, ilhali wenzao wa hali kama yao waliobaki shule za umma walikuwa asilimia 48. Walionufaika zaidi ni watoto weusi na wale waliokulia kwenye umaskini. Hao ni watoto wetu.

Jambo moja la faida kwenu: kama mapato yenu hayazidi mara mbili ya kiwango cha umaskini, shule iliyo kwenye mpango hairuhusiwi kuwatoza karo ya ziada juu ya vocha. Mkiwa juu ya hapo, ulizeni salio kabla ya kusaini, na sare, na ada nyingine ndogondogo.

Mwalimu Msaidizi

Baba Amani, hongera kwa binti, nafurahi kwa dhati. Hapo kwenye nyumba za Dublin sina la kukupinga. Mahakama ya juu ya Ohio yenyewe ilisema mwaka 1997, kesi ya DeRolph, kwamba kuzitegemeza shule kwenye kodi za nyumba kiasi hiki ni kuvunja katiba, na bado tunategemea kodi hizo. Columbus tulipiga kura Novemba 2023 kujiongezea kodi ya shule.

Lakini utafiti unaoutaja uliwahusu watoto wa vocha iliyolenga, walioanza kati ya 2008 na 2014. Vocha ile ningeitetea mimi mwenyewe. Na mwaka 2016 utafiti mwingine wa hapahapa, wa David Figlio na Krzysztof Karbownik, uliona waliohama kwa EdChoice wakishuka kwenye mitihani, hasa hisabati, huku shule za umma zilizokabiliwa na ushindani zikipanda kidogo. Naeleza na lile lisilonipendeza. Hasira yangu ni kwamba mpango uliobuniwa kwa ajili ya binti yako ulitumiwa kama mlango, na waliopita baada yake wengi hawakuwa kama yeye.

Mdau wa Phoenix

Sisi Arizona tulitangulia. Wapiga kura walikataa upanuzi wa mpango wetu wa aina hii kwa karibu asilimia 65 mwaka 2018, bunge likaupitisha mwaka 2022 hata hivyo, kwa wote. Hapa si vocha tu, ni akaunti ya mzazi, unaweza kununulia hata vifaa vya kufundishia nyumbani. Waombaji wa mwanzo wengi hawakuwa wametoka shule ya umma. Ni hadithi ileile anayosema Mwalimu.

Mama Neema

Nawashukuru sana, nimemsomea baba yao yote. Tumekubaliana mkubwa tumwombee nafasi, maana shule aliyopangiwa hatuna amani nayo. Wa kati anabaki na mwalimu wake. Tumekwama kwa mdogo. Shule binafsi niliyoipigia imeniambia watampokea na "wataangalia" suala la usemi. Hiyo inatosha?

Mwalimu Msaidizi

Haitoshi, dada. Ukimhamisha mwenyewe kwenda shule binafsi, ile haki yake ya sheria ya shirikisho kupewa huduma zote zilizoandikwa kwenye IEP inabaki shule ya umma. Huko wanaweza kumpa mtaalamu wa usemi au wasimpe, na huna pa kudai. Kwa mtoto mwenye IEP Ohio ina vocha nyingine, inaitwa Jon Peterson, ambayo kiasi chake kinapangwa kwa aina ya ulemavu. Usimjazie EdChoice kabla hujailinganisha na hiyo.

Waandikie hao wa shule binafsi, wakujibu kwa maandishi: mtaalamu wa usemi ni nani, anakuja mara ngapi kwa wiki, na nani anamlipa. Wakikujibu kwa simu tu, mwache mdogo alipo mpaka mkutano ujao wa IEP, na siku hiyo mpeleke baba yake pia.