Naomba ushauri: vocha ya HUD-VASH (msaada wa serikali wa kodi ya nyumba kwa wanajeshi wastaafu) inakaribia kuisha muda, nyumba haijapatikana

Habari zenu wakuu. Namsaidia mwanajeshi mstaafu hapa Marekani, analala kwenye gari. Cheti cha DD-214 (cha kumaliza utumishi jeshini) anacho na vocha ya HUD-VASH ameshapewa: atachangia takriban asilimia 30 ya kipato, kodi iliyobaki ilipwe na mamlaka ya nyumba. Siku 120 za kutafuta zinayoyoma. Dhamana ya kupangia nyumba (deposit) si tatizo, SSVF (mpango wa kusaidia wanajeshi wastaafu kupata makazi) imekubali kuilipa. Kinachokwamisha ni rekodi ya zamani ya kuondolewa kwenye nyumba kwa deni. Wenye nyumba wakiiona, mazungumzo yanaishia hapo. Barua ya msimamizi wake wa VA (idara ya wanajeshi wastaafu) haijawalegeza.

Ombi la kuongezewa muda liambatanishwe na nini? Na mwenye nyumba wa namna hii hukubali akihakikishiwa nini? Huyu mzee anastahili kulala ndani.