Nafuta meza kwa Jik kutwa, mafua nyumbani hayaishi. Nakosea wapi?

MamaSato
Wakuu, mwangaluka. Nauza ugali na sato hapa Kirumba, Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni, wateja wangu wengi ni wabeba dagaa. Ndoo ya koki ipo mlangoni tangu 2020, sabuni nimeifunga kwenye kipande cha nyavu maana mbili zimeshaibwa. Meza nafuta mpaka vidole vinachubuka. Lakini nyumbani mafua yalianza kwa mdogo, yakaja kwangu, sasa yako kwa mama mkwe. Huku kunawa na kufuta kunasaidia, au najichosha bure?

NesiMstaafu
Kunawa usiache, mama. Mkono ndio unaopeleka virusi puani na machoni. Mapitio ya 2023 ya Cochrane, watafiti wanaojumlisha tafiti nyingi za afya, yalikuta kunawa kunapunguza magonjwa ya njia ya hewa kwa kama asilimia 14. Si ngao, ila si haba. Meza ndiyo umeipa cheo kisichokuwa chake: kwa korona, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilikadiria mwaka 2021 kwamba ukigusa mahali penye kirusi, uwezekano wa kuambukizwa ni chini ya 1 kati ya 10,000. Kinachosambaza zaidi ni pumzi. Mnalala wangapi chumba kimoja?

MamaSato
Watano. Dirisha nafunga saa 12 jioni, mbu na wadudu wa ziwani wakiona taa wanajaa mpaka kwenye chai. Na taulo la uso tunalo moja, nyuma ya mlango. Nimeandika hapa nikajicheka.

KondaIgoma
Hahaa, umejijibu! Kwenye hiace mvua ikinyesha vioo vyote juu, mmoja akikohoa tunagawana wote. Nikifungua changu natukanwa.

NesiMstaafu
Weka wavu dirishani, kisha lala nalo wazi. Kila mtu taulo lake. Kirusi kikuu cha mafua ya kawaida hakina ganda la mafuta la kuyeyushwa na sabuni kama cha korona, kinaondoka kwa kusuguliwa na kusuuzwa, kwa hiyo sekunde 20, si kulowesha vidole. Meza endelea kufuta kwa ajili ya tumbo la mteja, maji ya sabuni yanatosha siku nyingi. Ukitumia Jik vaa glovu, na usiichanganye na siki wala dawa ya choo, itakutoa machozi na kukubana kifua.

MamaSato
Fundi wa wavu kasema Jumamosi. Mataulo nimechukua matano, mama mkwe kawahi jekundu.