Hotuba za Wynton Marsalis: nianze na ipi?

mwalimu_wa_kwaya: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha muziki sekondari, na mwezi ujao nasimama mbele ya wazazi kutetea somo lisifutwe. Nasikia Wynton Marsalis, mpiga tarumbeta wa New Orleans, anajua kuutetea muziki. Nianze na hotuba ipi?

tarumbeta_pwani: Mwalimu, mihadhara ya Harvard, 2011 hadi 2014. Ni sita. Anaeleza jambo, kisha wanamuziki walio jukwaani wanalipiga papo hapo, na asiyejua jazi anaisikia hoja kwa masikio yake. Mbinu hiyo ichukue nzima nzima: wanafunzi wako wawe pale na ala zao.

mama_zeze: Naongezea, anathubutu kusema. Mitch Landrieu, aliyekuwa meya wa New Orleans, alieleza kwamba Marsalis ndiye aliyemsukuma kufikiria kuiondoa sanamu ya Jenerali Robert E. Lee, aliyeongoza jeshi la majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Iling'olewa Mei 2017.

mwalimu_wa_kwaya: Asanteni sana. Na wakiniuliza kuhusu ajira?

tarumbeta_pwani: Wataje Jazz at Lincoln Center, taasisi ya muziki wa jazi. Ilianza 1987 kama tamasha za kiangazi, Marsalis akiwa mmoja wa waasisi. Tangu 2004 ina kumbi zake New York. Fundi sauti, mwalimu, mkata tiketi, wote wanakula hapo.