Mzee ana mapafu mabovu, sasa anachanganyikiwa. Naomba ushauri

MwanaUmoja: Wadau, habari za usiku. Baba ana miaka 68. Alichomelea vyuma Kariobangi miaka thelathini, na sigara juu. Ana ugonjwa sugu wa mapafu, tuna mashine ya oksijeni nyumbani. Tangu juzi ana vituko. Jana alitia sukari kwenye kisahani, akaikoroga, akaniita jina la marehemu kaka yake. Asubuhi analia kichwa, mchana ni usingizi tu. Nimeshapanga Jumamosi nimpeleke Nyahururu akapate hewa safi. Mnaonaje?

Kinyozi_Roysambu: Huo ni uzee, kaka. Babu yangu alikuwa akificha rimoti ndani ya thamosi, na mapafu yake yalikuwa mazima kama ya ng'ombe.

MamaTisa: Sigara! Tukisema tunaitwa wasumbufu. Wangu nilimficha viberiti, akawa anawashia kwenye jiko langu la makaa. Siku moja akaunguza nyusi.

NesiZamuYaUsiku: Achaneni na nyusi. Mleta uzi, oksijeni umeweka lita ngapi? Na kile kipimo cha kidoleni, cha oksijeni ya damu, kinasoma asilimia ngapi?

MwanaUmoja: Kinasoma 98. Ndiyo maana nasema si mapafu.

NesiZamuYaUsiku: Lita ngapi?

MwanaUmoja: Daktari aliandika 1. Juzi alikuwa anahema vibaya, nikapandisha hadi 5. Ulitaka nikae tu nimtazame?

NesiZamuYaUsiku: Nilijua. Kwa mgonjwa kama huyo tunalenga 88 hadi 92, si 98. Oksijeni ikizidi, kaboni dioksidi inaweza kujaa kwenye damu na ubongo ukalewa. Kipimo cha kidoleni hakiioni kaboni hiyo. Mwambie anyooshe mikono mbele, viganja wima, kama trafiki anayesimamisha matatu.

MwanaUmoja: Viganja vinaanguka, vinainuka, vinaanguka tena. Kama kuku anayepiga mabawa.

NesiZamuYaUsiku: Mpeleke hospitali usiku huu huu. Rudisha lita aliyoandika daktari. Usizime mashine, maana oksijeni ikipungua mno nayo huvuruga akili. Akishuka chini ya 88, ongeza kidogo kidogo. Na Nyahururu sahau. Nairobi tuko kama mita 1,700, kule ni zaidi ya 2,300. Hewa safi, ndiyo, lakini nyepesi.

MwanaUmoja: Gari nimeshalipia nusu. Shangazi ameshatandika kitanda. Na hospitali mara ya mwisho tulikaa kwenye benchi saa sita nzima.

Mkamba_Halisi: Ngojeni kidogo. Huyu kajiunga leo. Nesi naye ana majibu yote mfukoni. Hapa tunauziwa mashine, subirini namba ya simu.

Kinyozi_Roysambu: Hata mimi nilinusa. Kama yule wa figo mwezi jana.

MamaTisa: Yule nilimchangia mia mbili!

MwanaUmoja: Sijaomba hata shilingi ya mtu. Niko kwenye teksi, kichwa chake kiko begani kwangu, anakoroma. Nikimwita hafungui macho.

NesiZamuYaUsiku: Ukifika mlangoni usipange foleni. Piga kelele.

MwanaUmoja: Tumepokelewa. Wamemtoa damu ya kupima kwenye kifundo cha mkono, si pale pa kawaida. Kaboni iko juu sana. Wamemvisha barakoa ya mashine inayosukuma hewa. Daktari aliuliza nani alipandisha oksijeni. Nikasema ni mimi.

Mkamba_Halisi: Pole, ndugu. Hiyo mashine ya nyumbani ulinunua wapi? Mama yangu naye siku hizi anahema.