VST2 kwenda VST3: kubadilisha moja moja, kuzibeba ndani ya plagini nyingine, au kutoa WAV na kuziacha?

BesiNzito

Wakuu, heshima kwenu. Kompyuta ni Windows, DAW (programu za kurekodi na kupanga muziki) ni mbili: Cubase na REAPER. Projekti za zamani zimejaa plagini za VST2 (fomati ya zamani ya plagini, VST3 ndiyo mpya): sinthesaiza kadhaa, kompresa, na sampla moja ya Kontakt yenye matokeo 8. Steinberg, waundaji wa VST na Cubase, walitangaza Januari 2022 kwamba programu zao zitaachana na VST2 ndani ya miezi 24, na kwenye Mac zenye chipu ya Apple, Cubase isipoendeshwa kupitia Rosetta (kitafsiri cha Apple cha programu za chipu za Intel) haizisomi kabisa. Kwa hiyo kuhama ni lazima, swali ni namna gani.

Njia ninazoziona ni tatu:
1. Kusakinisha VST3 na kubadilisha plagini moja moja ndani ya kila projekti.
2. Kuziacha VST2 lakini kuzipakia ndani ya plagini ya VST3 inayobeba nyingine.
3. Kutoa kila treki kuwa WAV.

Ipi inalinda otomesheni (mabadiliko ya vitufe vya plagini yaliyorekodiwa kwenye projekti) na sauti kama zilivyo?

Kinanda_Mwanza

Mkuu, kabla ya njia yoyote, jua una nini. Faili la REAPER (.rpp) ni maandishi matupu. Lifungue kwa Notepad, tafuta `<VST "`. Kila plagini ina mstari wake: ikianza na `VST:` ni ya zamani, `VST3:` ni mpya, na ala zina herufi i mwishoni, `VSTi:` au `VST3i:`. Kwa dakika chache unapata orodha kamili ya projekti nzima bila hata kuifungua. Wanaotumia Ableton wanaweza kufanya vivyo hivyo: faili la .als ni XML iliyobanwa kwa gzip, 7-Zip inalifungua.

Kisha nakili folda zote za VST2 kwenye diski ya nje kabla ya kusakinisha chochote. Hizi hazina mahali pamoja: `C:\Program Files\VstPlugins`, `C:\Program Files\Steinberg\VstPlugins`, au folda yoyote uliyoichagua siku ile. Kuna visakinishi vinavyoifuta .dll (faili la VST2) ya zamani vikileta toleo jipya, na hapo ndipo watu wanapopoteza sauti zao.

VST3 zenyewe zinakaa `C:\Program Files\Common Files\VST3`. Ziache hapo hapo. Ukizihamisha, DAW nyingi hazitaziona.

Muhimu kuliko yote: matoleo yote mawili yakae kwenye mashine pamoja hadi kazi iishe. Priseti (mipangilio ya sauti iliyohifadhiwa) ya VST2 inatolewa na VST2 yenyewe ikiwa hai. Ukishaifuta, kilichobaki ndani ya projekti ni rundo la data ambalo plagini nyingine huenda isilielewe.

msimbo_safi

Naongezea kwa nini DAW haibadilishi yenyewe, maana wengi wanailaumu DAW bure.

VST2 inajitambulisha kwa herufi 4. VST3 ina kitambulisho cha biti 128. Kwa macho ya DAW, hizo ni plagini mbili zisizojuana hata kama jina na sura ni vilevile. Ila mtengenezaji anaweza kukijenga kitambulisho cha VST3 kutokana na zile herufi 4, na toleo jipya likasoma hali iliyohifadhiwa na la zamani. Kwenye JUCE (zana ya kuundia plagini) ni mpangilio mmoja tu, `JUCE_VST3_CAN_REPLACE_VST2`. Plagini ikiwa imeandaliwa hivyo, Cubase inaweka VST3 mahali pa VST2 bila kukuuliza. Isipoandaliwa hivyo, unabaki na kazi ya mkono.

Kwa hiyo, njia ya 1 kwa mkono ndani ya REAPER, hatua kwa hatua:

Fungua projekti, ingia kwenye VST2, hifadhi sauti kwa menyu ya plagini yenyewe, si ya DAW. Menyu ya DAW inatoa .fxp au .fxb, na VST3 kwa kawaida inatumia .vstpreset. Priseti ya ndani ya plagini ndiyo inayovuka salama. Angalizo: Serum ya kwanza na Surge zinahifadhi sauti zao kwa .fxp, lakini zinazisoma kupitia menyu zao wenyewe, kwa hiyo hizo hazina shida. Kama plagini haina menyu ya priseti, piga picha ya skrini ya kila ukurasa.

Weka VST3 kwenye nafasi ileile ya mnyororo, pakia priseti, izime VST2 bila kuiondoa.

Otomesheni sasa. VST2 inahesabu parameta kwa namba ya mpangilio, VST3 inazipa kila moja kitambulisho chake, na mpangilio unaweza kuwa umebadilika. Usidhani parameta ya 12 ni ileile. Tafuta kwa jina, nakili nukta zote, bandika kwenye mstari wa parameta mpya kuanzia sekunde ileile.

Thamani zote mbili zinaenda 0 hadi 1, hivyo mikunjo ya kawaida inavuka vizuri. Kinacholeta balaa ni parameta za kuchagua. Chukua filta yenye aina 4: aina ya tatu inaandikwa 0.67. Mtengenezaji akiongeza aina mbili kwenye VST3 zikawa 6, ile 0.67 inaangukia aina ya tano. Mstari wa otomesheni unaonekana sahihi kabisa, na sauti ni nyingine. Kagua hizo kwanza.

FundiMitambo

Naheshimu maelezo ya juu, lakini kwa projekti iliyokwisha kutolewa hadharani, hiyo ni kazi ya bure. Njia ya 3, bila kusita. WAV itafunguka kwenye DAW yoyote hata miaka 20 ijayo, plagini haina uhakika huo.

Ila itolewe ipasavyo. Kila treki ianze sifuri ya projekti, hata kama ala inaingia dakika ya pili, ili zote zipangike zenyewe. Tumia sampo reti ya projekti, usiibadilishe, biti 24 au 32 floti. Acha mkia wa sekunde kadhaa mwishoni ili riverbu na dilei zisikatwe. Toa mara mbili: moja yenye efekti zote, nyingine kavu. Na toa MIDI (maelezo ya noti, si sauti) pembeni, ni faili dogo lakini ndilo litakalokuokoa ukitaka kubadilisha ala.

Njia ya 2 ninaikubali kwa plagini moja tu: ile ambayo mtengenezaji wake ameacha kazi na VST3 haitakuja. Blue Cat's PatchWork na Metaplugin ya DDMF zote zinafanya kazi hiyo. Otomesheni inapita kwenye nafasi za jumla ambazo unaziunganisha wewe mwenyewe kwa kila parameta, hivyo andika mahali kila nafasi imeungwa wapi. Na .dll ya zamani bado inahitajika, kwa hiyo hujahama, umeahirisha. Kama ni ya biti 32, hakikisha kwanza kama kibebaji chako kinaipakia, vinginevyo utahitaji daraja kama jBridge juu yake, na kila tabaka linaongeza nafasi ya kuanguka.

BesiNzito

Nimeelewa. Zilizotoka nazipeleka WAV, zinazoendelea njia ya 1. Swali: kuna piano ambayo ikiwa VST3, pedali haishiki. Noti zinalia, lakini zinakatika. VST2 ya hiyohiyo iko sawa.

msimbo_safi

Hilo ni maarufu. Kwenye VST2, ujumbe wa MIDI unaingia moja kwa moja ndani ya plagini. Kwenye VST3, DAW inaiuliza plagini: kontrola namba 64 imeunganishwa na parameta gani? Plagini ikikosa jibu, DAW inautupa ujumbe. Pedali ni CC64 (CC ni kontrola ya MIDI), gurudumu la modi ni CC1, ekspresheni ni CC11. Zijaribu zote tatu kwa kila ala kabla ya kuizima VST2.

Jambo hilihili linagusa kubadilisha programu kwa MIDI, ambako VST3 nyingi hazijibu, na plagini za arpejio zinazotoa CC kwenda ala nyingine. Tafuta sasisho la mtengenezaji kwanza. Kama halipo, hapo ndipo VST2 ndani ya PatchWork ina maana.

Mtwapa_Mix

Namna ya kuthibitisha kwamba hujapoteza kitu: toa treki ya VST2 kuwa WAV, toa ya VST3, ziweke sambamba, moja igeuze polariti (wimbi liwe juu chini), cheza zote. Kimya kamili maana yake zimefanana. Ikibaki sauti, isikilize ina nini. Mabaki ya besi peke yake mara nyingi ni filta au EQ iliyokosewa. Mvumo mdogo kila mahali ni kelele ya analogi inayoigwa na plagini, haina neno. Ala zenye koras au osileta zinazoanza popote hazitanyamaza kamwe, hata ukilinganisha VST2 na VST2 yenyewe, kwa hizo tumia sikio.

Kuna atakayesema ruka moja kwa moja hadi CLAP, iliyotoka 2022 chini ya u-he na Bitwig. Ni fomati nzuri na REAPER inaisoma, lakini Cubase haiisomi, kwa hiyo kwa mtu mwenye DAW zako mbili bado ni VST3.

Kuhusu Kontakt: usihangaike na priseti za DAW. Ndani ya ile ya zamani hifadhi multi nzima (ala zote zilizopakiwa pamoja, .nkm), ifungue kwenye mpya. Ala, ujazo na chaneli za MIDI zitakuja. Matokeo 8 yakague moja moja kwenye mikisa yake, kisha ndani ya Cubase yawashe upya, maana kwa VST3 kwa kawaida yanafunguka yakiwa yamezimwa isipokuwa la kwanza. Ngoma zikikosa snea baada ya kuhama, anza kuangalia hapo.