Mrejesho: mahindi yangu sasa yanalika

Wakuu, nimerudi. Ni mimi niliyelalamika kwamba mahindi nikichemsha saa nzima bado magumu, na nikichoma yanaungua nje huku ndani mabichi.

Kumbe kosa lilianzia kwenye kuchagua, nilikuwa nachukua yaliyokwisha komaa. Safari hii nilibonyeza punje kwa ukucha, maji meupe kama maziwa yakaniruka hadi kwenye miwani. Hayo hayo nikabeba, nikapika siku ile ile, maana yakilala sukari yake inageuka wanga. Maji yalipotokota nikatumbukiza, nikafunika, dakika 7 tu. Laini, matamu, hata chumvi nilisahau.

Ya kuchoma niliyaloweka na maganda yake dakika 15, nikayaweka juu ya makaa yaliyotulia, nageuzageuza. Yakaiva kwa mvuke wake. Nikayamenya, ndevu zikatoka zote kwa mkupuo (hili sikulitegemea), nikayarudisha kidogo yapate vile vidoa vyeusi. Siagi na limau juu.

Ila wewe uliyeniambia nipake siagi kabla ya kuchoma, hapana ndugu yangu. Ilidondokea makaa, moto ukalipuka, hindi likawa masizi matupu.