Kupima h ya Planck kwa taa za LED: mbona jibu linapungua?

Swali
Wakuu, naomba msaada. Natafuta h, namba isiyobadilika inayounganisha nishati ya mwanga na masafa (frikwensi) yake. LED nyekundu ya nanomita 630 inaanza kuwaka kwenye volti 1.64. Kwa h = eVλ/c (e ni chaji ya elektroni, V volti, λ urefu wa wimbi, c kasi ya mwanga) napata 5.5 × 10⁻³⁴, wakati inatakiwa 6.63 × 10⁻³⁴. Betri ni ya volti 9, rezista ohm 330, potenshiomita kilo-ohm 1. Kosa liko wapi?

Jibu 1
Saketi haina neno, ili mradi multimita imeshika miguu ya LED yenyewe, rezista ibaki nje. Tatizo ni kutegemea nukta moja. LED huanza kutoa mwanga kabla volti haijafika hf/e (f ni masafa), kwa sababu joto la chumba linazipa elektroni nishati kidogo ya ziada. Upungufu huo unakaribia kulingana kwa LED zote, kwa hiyo chora volti dhidi ya masafa, usome mteremko; ukiuzidisha kwa e unapata h. Tuseme bluu ya nanomita 470 imesoma 2.30: volti zimepishana 0.66, masafa 1.62 × 10¹⁴ Hz. Zidisha 0.66 kwa 1.602 × 10⁻¹⁹, gawa kwa 1.62 × 10¹⁴, unapata 6.5 × 10⁻³⁴. Ongeza kijani na chungwa, maana nukta mbili hazikosi mstari hata zikiwa mbovu.

Jibu 2
Na jicho usiliamini, linaona kijani mapema kuliko nyekundu. Weka ammita, usome volti za kila LED kwenye mkondo uleule, mfano mikroampea 10. LED nyeupe achana nayo: ndani ni bluu iliyopakwa fosfori (unga unaogeuza rangi ya mwanga), utakuwa umepima bluu mara mbili.

Jibu 3
Huo mteremko ndio uliomwokoa mwanafizikia Millikan alipoipima h. Einstein alisema mwaka 1905 kwamba nishati ya elektroni inayong'olewa na mwanga hufuata masafa, si ukali wa mwanga. Millikan hakuamini kabisa kwamba mwanga huja kwa vipande. Akawa anakwangua sodiamu kwa kisu ndani ya ombwe, kwani uso wenye uchafu huupandisha au kuushusha mstari mzima. Mwaka 1916 akatoa 6.57 × 10⁻³⁴. Fomula akaikubali, vipande bado akavikataa!

Jibu 4
Nyongeza tu: tangu tarehe 20 Mei 2019 h imewekwa rasmi kuwa 6.62607015 × 10⁻³⁴ kamili. Kwa hiyo mkuu, hapo unaipima multimita yako.